Vidole Tisa Juu ya Kanyagio

Nina vidole tisa vya miguu. Ninavihesabu kila asubuhi kabla sijavaa viatu, kimoja kimoja, huku nimelaza kioo cha fremu yangu ya kushonea sakafuni ili nizione na nyayo. Wateja wanaonikuta nikifanya hivyo hucheka. Nawaacha wacheke, halafu nawaambia wavue na wao.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibaha, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nimezaliwa Masaki, ile ya Kisarawe yenye mihogo na mikorosho, si ile ya ghorofa za Dar. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeambiwa wiki hii kwamba ana sukari, au ana kidonda kisichotaka kupona, na sasa amekaa kwenye benchi la hospitali akidhani maisha yamekwisha. Hayajaisha. Kaa hapo hapo nikusimulie, foleni yenyewe bado ndefu.

Kwanza ujue jambo moja kuhusu sisi mafundi wa cherehani za kukanyaga. Wengi wetu tunashona pekupeku. Ndala tunaziacha mlangoni kama watu wanaoingia msikitini. Mguu mtupu unaisikia mashine. Mkanda ukilegea, uzi ukibana, unyayo unajua kabla ya sikio. Bibi aliyenifundisha kazi alikuwa akinichapa kwa futi kila aliponikuta nimekanyaga na ndala. "Vua! Utashonaje kama umeziba masikio?" Basi nikavua, na sikuvaa tena kwa miaka yote hiyo.

Na sakafu ya fundi unaijua. Pini, vipande vya sindano, vifungo. Ukichomwa unasema "ah," unachomoa, unaendelea na kazi. Ndivyo tulivyoishi.

Mazoea yangu mengine yalikuwa ya kawaida hivyo hivyo, ndiyo maana sikuyaogopa. Asubuhi chai yenye sukari vijiko vinne, na maandazi, nimeshakaa kwenye stuli. Saa nne, mume wangu, Baba Shani, ambaye ni fundi redio na fremu yake iko ukuta kwa ukuta na yangu, aliniletea soda baridi. Saa tisa akaleta nyingine. Alianza tukiwa wachumba na hakuacha hata siku tulizogombana. Siku hizo aliiweka mezani bila kusema neno, akaondoka. Wanawake wenzangu walinionea wivu kwa soda ile. Mimi mwenyewe nilijionea wivu.

Kisha nikaanza kusikia kiu isiyoisha. Baba Shani akaongeza soda ya tatu. Nikawa naenda chooni mara nyingi hadi jirani akaniuliza kama nimefungua tawi la biashara huko. Nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikasema ni umri. Miguu ikafa ganzi, kwanza vidole, halafu nyayo, nikasema ni kukanyaga. Kila kitu nilikipa jina, na hakuna jina hata moja lililonipeleka hospitali. Ndugu yangu unayesoma, kama una majina ya namna hiyo mfukoni mwako, yatoe leo uyatazame upya.

Msimu wa sare za shule ndio ulionishika. Mwisho wa mwaka mpaka Januari fundi halali vizuri, kila mzazi anataka kaptula ya mwanawe kesho. Siku moja sindano ya mashine ikavunjika. Nikaona nusu yake imebaki kwenye mashine, ncha sikuiona. Nikaitafuta kidogo kwa macho, nikafunga sindano nyingine, nikaendelea.

Wiki tatu baadaye, shule zikiwa zimefunguliwa, nikaenda Masaki kupumzika kwa dada yangu Mwajuma. Yeye ndiye mkubwa wetu. Baada ya mama kufariki, yeye ndiye mama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona mguu wa kulia umejaa kama muhogo wa miaka miwili?"

"Kukaa tu, dada. Msimu wa sare."

"Kukaa! Haya, kaa tena hapo, nikukande."

Akaleta beseni la maji ya moto na chumvi, kama mama alivyokuwa akimfanyia baba akitoka shambani. Nikatumbukiza miguu yote miwili, tukaanza kuzungumza habari za harusi ya jirani. Nilikuwa nimestarehe kweli. Baada ya muda dada akainama na kitambaa ili akande. Akatia mkono kwenye maji, akautoa kwa ukelele.

"We Hamida! Haya maji yanaunguza!"

"Yanaunguza? Mbona mimi nayasikia vuguvugu?"

Tukatazamana. Sitasahau uso wa dada yangu. Akainyanyua yeye mwenyewe miguu yangu, mmoja mmoja, kama ya mtoto mchanga. Ngozi ilikuwa imeanza kutoka malengelenge. Na chini ya mguu wa kulia, kwenye shina la kidole cha pili, kulikuwa na tundu jeusi lenye usaha, na ndani ya tundu kitu kinang'aa. Ilikuwa ncha ya sindano yangu. Wiki tatu nzima nilikuwa nayo humo, nikiikanyagia sare za watoto wa watu.

Dada hakulia pale. Alikwenda barabarani kuita bodaboda, akarudi, akanifunga mguu kwa kanga yake mpya, na siku hiyo hiyo tukawa hospitali.

Kuhusu hospitali nitakwambia hili: benchi la kusubiri lina mafunzo yake. Unajifunza kujua nani amekuja mara ya kwanza, kwa sababu anatazama mlango. Waliozoea hutazamana wao kwa wao. Mzee mmoja ambaye sikuwahi kujua jina lake alinipisha mwisho wa benchi ili ninyooshe mguu, akasimama yeye. Huruma za namna hiyo ni ndogo, lakini nilizishika zote.

Walinitoboa kidole cha mkono, kipimo kikaonyesha namba, sista akanitoboa kidole kingine ili ahakikishe. Nikalazwa. Ncha ya sindano wakaitoa, lakini uchafu ulikuwa umeshapanda. Daktari, kijana wa rika la mwanangu Shani, akaniamkia shikamoo, akakaa pembeni ya kitanda. Akachukua kalamu, akachora mstari juu ya mguu wangu, kuzunguka pale uvimbe ulipoishia, chini kidogo ya kifundo.

"Mama, tunakupa dawa kwa njia ya mshipa. Uvimbe ukirudi nyuma ya mstari huu, vizuri. Ukiuvuka, tuambie saa hiyo hiyo. Hatusubiri asubuhi, hatusubiri zamu nyingine. Itabidi tukate."

"Mtakata wapi?"

"Tukiwahi, kidole. Tukichelewa, hapa." Akagusa chini ya goti.

Mimi nimechora mistari ya kukata tangu nikiwa msichana. Najua maana ya mstari. Chaki ikishapita kwenye kitambaa, mkasi unafuata. Nilikaa siku mbili nikiutazama ule mstari wa kalamu kuliko nilivyotazama nyuso za watu. Mguu ule ndio ulioendesha cherehani. Cherehani ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Nilikuwa nimelala na kazi yangu yote imezungushiwa wino.

Aliyenisaidia kupumua siku zile ni Sista Nyamizi, muuguzi wa wodi. Siku ya kwanza alipofungua bandeji alitikisa kichwa.

"Mama, huu mguu ni wako au umeuazima? Maana hata mtu akiazima sufuria la jirani huligeuza akaangalia chini."

"Sista, wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi wa Tabora."

"Ndiyo maana! Mtani wangu. Babu zako walifika huku Pwani wamebeba mizigo kichwani, sisi Wazaramo tukawapa maji ya kunywa."

"Mkawapa maji, halafu mkarudi kwenye ngoma. Miguu mmeikumbuka siku ya kucheza tu. Nyoosha hapa, mtani."

Dada Mwajuma alicheka kwa mara ya kwanza tangu lile beseni. Lakini nilijua hakuwa sawa. Alikuwa akilala sakafuni kando ya kitanda changu, na kila aliponitazama alitazama kwanza malengelenge. Niliwaambia wote kwamba ncha ya sindano ndiyo iliyoanza, si maji. Yeye hakunisikia.

Siku ya tatu, mchana, nilisinzia. Nilipoamka, dada alikuwa amekaa amefumbata mikono, anatazama dirishani. Nikautazama mguu. Uvimbe ulikuwa chini ya mstari. Moyo ukaruka kwa furaha, nikataka kumwita sista. Halafu nikautazama mstari wenyewe.

Daktari alikuwa amechora kwa mkono mmoja, bila kusita. Mstari huu ulikuwa na mashaka. Ulisimama, ukaendelea, ukasimama. Fundi anaujua mkono wa mtu kwenye mstari kama unavyomjua mtu kwa sauti. Na ulikuwa juu ya kifundo, si chini. Chini yake ngozi ilikuwa na ubichi wa mate na alama ya kusuguliwa.

"Dada."

Hakugeuka.

"Dada Mwajuma, kalamu umetoa wapi?"

Akageuka, machozi yanamtiririka. "Nilitaka kukupa siku mbili tu, mdogo wangu. Siku mbili dawa ifanye kazi. Mimi ndiye niliyekuunguza. Wakikata mguu, nimeukata mimi."

Nitasema ukweli, kwa sababu ndugu msomaji utafika mahali kama pale. Nilifikiri kunyamaza. Kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano, nilifikiri: siku mbili, nani atajua? Uvimbe uko chini ya mstari, kila mtu atafurahi, na mguu wangu utakuwa na siku mbili zaidi za kuwa wangu. Kilichonizuia ni kazi yangu. Nimeshaona mteja akilazimisha kipimo, anataka kiuno cha zamani wakati mwili umekua. Unaweza kuandika namba unayoitaka kwenye daftari. Gauni halitaingia.

Nikamshika dada mkono. "Ukisogeza chaki, dada, kitambaa hakiongezeki. Niitie sista."

"Watakata."

"Niitie Sista Nyamizi."

Alikwenda. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na mpaka leo nahesabu hilo kuwa jambo gumu kuliko nililofanya mimi. Sista alikuja, nikamwambia mstari umesogezwa na wa kweli ulipita hapa, uvimbe umeshauvuka, nikamwonyesha kwa ukucha. Hakumgombeza mtu. Aliuangalia mguu, akatoka karibu akikimbia. Jua halijazama nikawa chumba cha upasuaji.

Nilipozinduka nilitafuta goti kwanza. Lilikuwepo. Nikashuka kwa mkono mpaka kifundo. Kilikuwepo. Bandeji kubwa, na ndani yake, waliniambia, vidole vinne. Daktari alisimama miguuni pangu. "Mama, kama tungekuta kesho kutwa, tungekuwa tunazungumza habari nyingine." Akanigusa tena pale chini ya goti, kisha akaondoa mkono. Mimi nililia, lakini usidhani ni huzuni. Nilikuwa najivunia. Nilikuwa nimechagua mstari wa kweli.

Kidole changu kilisitiriwa kwa kitambaa cheupe, Baba Shani akakipeleka Masaki, kikazikwa kando ya mkorosho wa mama. Sista Nyamizi alipopata habari alisimama katikati ya wodi mikono kiunoni.

"Mmezika bila kumwita mtani? Mnajua desturi. Mtani hulala kaburini mpaka atolewe kwa heshima!"

"Kaburi lenyewe dogo, Sista. Ungeingiza kidole tu."

Wodi nzima ilicheka, hata mama wa kitanda cha mwisho aliyekuwa hasemi. Halafu Sista akainama, akaninong'oneza kwa sauti nyingine kabisa. "Kaburi la mguu mzima ningetosha kulala, mtani. Usinipe nafasi hiyo. Umesikia?"

Nilisikia.

Mvua za masika zikaanza, na mimi nikaanza safari za kusafisha kidonda, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Nilitembea kwa magongo, mguu umefungwa mfuko wa nailoni usilowe. Masika yakaisha, kidonda kikawa kipana kama kifuniko cha soda. Mikorosho ya Masaki ikatoa maua, kikawa kama kifungo cha shati. Ukiwa na kidonda cha sukari usikiharakishe. Kinapona kwa mwendo wa mmea, na kila ukikikanyaga kwa sababu umechoka kukaa, unang'oa ulichopanda. Mimi niling'oa mara mbili, nikaanza upya. Nakuambia ili wewe usijaribu.

Nyumbani ndiko kulikuwa na baridi. Baba Shani aliacha kuja saa nne. Alinipikia, alinifulia, lakini alikaa mbali, na mimi nikadhani amechoka na mke wa magongo. Siku moja nikamuuliza waziwazi. Akasema, "Mimi nimekulisha ugonjwa kwa mkono wangu. Miaka yote, kila siku, tena baridi."

"Mkono ulikuwa wako, Baba Shani. Mdomo ulikuwa wangu. Na kiu nilikuwa nayo mimi, nikakaa nayo bila kuuliza."

Kesho yake, saa nne kamili, akaja na chupa ya maji. Chini ya kwapa alikuwa na mpini wa fagio. Mwishoni mwa mpini alikuwa amefunga sumaku nzito aliyoitoa kwenye spika mbovu. Akaipitisha chini ya cherehani yangu, tukasikia mlio mdogo, tik, tik, tik. Ilirudi imevaa pini na vipande vya sindano kama nungunungu. Tulikuwa tunatazama miaka yangu ishirini na kitu ya bahati.

Sasa nafagia kwa sumaku hiyo asubuhi na jioni. Ukiwa fundi, omba spika mbovu kwa fundi redio yeyote, hakunyimi.

Kitu kigumu kilichobaki kilikuwa viatu. Nilinunua raba laini, zenye nafasi, nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga, na sikusikia chochote. Mishono yangu ya kwanza ilikwenda kama njia ya kwenda Marui kule Kisarawe, inakata kona pasipo na kona. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, fundi wa mafundi, nikawa nafumua vitambaa vibovu kama mwanafunzi. Nikajifunza kusikiliza kwa sikio nilichokuwa nasikiliza kwa nyayo. Mkanda uliolegea una sauti yake. Uzi uliobana una sauti yake. Sauti hizo zilikuwepo siku zote, mimi ndiye sikuwa natega sikio. Kila nikishona kwa muda nasimama, nakwenda mpaka mwisho wa safu ya fremu, narudi. Chai yangu haina sukari. Mwezi wa kwanza ilikuwa kama kunywa kisima. Sasa ukinitilia sukari nitairudisha.

Nguo ya kwanza niliyoimaliza vizuri nikiwa na viatu ni gauni la kitenge la Sista Nyamizi. Nikampelekea pamoja na kifuko cha korosho za Masaki, ada ya mtani kwa mazishi aliyonyimwa. Akalivaa, akageuka mbele, akageuka nyuma, akatafuta kosa. Hakuliona. "Mkono wa kushoto umekaza kidogo," alisema, mtani asishindwe. Halafu akakagua mguu wangu palepale, mbele ya watu, kidonda kimefunga, kovu limekauka. "Nenda, mtani. Umeninyima kaburi."

Siku hizi anawatuma kwangu wagonjwa wake walioogopa. Wanakuja wakijidai wanataka kupimwa shati. Nawapima shati, halafu nawalazia kioo sakafuni.

Wiki iliyopita alikuja Dada Mwajuma kutoka Masaki, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa korosho uanze. Amevaa raba nilizomnunulia. Nikamwamkia, nikamkalisha kwenye stuli ya wateja, nikalaza kioo. Akavua bila kuambiwa. Tukainama wote wawili, vichwa vimegusana, nikavihesabu vidole vyake kwa sauti, nikapitisha mkono wangu kwenye nyayo zake ngumu za shamba. Hapakuwa na tundu wala mchubuko.

"Kumi," nikamwambia.

"Na wewe?"

"Tisa."

Nikavaa viatu, nikafunga kamba, nikakanyaga.